SAHANI INASIFIWA, MPISHI HATAJWI

Vijana wa simu na wafanyakazi wa hoteli za chakula Kasese na Bwera



Kazi yangu ni kuzungukia mahali pa kazi na kuandikisha wanachama. Ijumaa moja ya mwaka 2024 nilitoka Kasese kwenda Bwera kwa kazi hiyo. Ilikuwa siku ya soko Mpondwe. Watu walikuwa wanavuka kutoka Kasindi upande wa Kongo, wengine wanarudi na mizigo kichwani. Nikaingia hoteli moja ndogo karibu na barabara nipate chakula cha mchana.

Humo ndani chakula kilikuwa kimesimama. Madereva wa malori walikuwa wameketi na mikono imeshanawa, wanangoja. Kijana mmoja amepanda juu ya benchi na simu yake ya mkononi, anapiga picha ya video samaki mmoja aliye mezani. Anamzunguka samaki huyo kama anazunguka bibi arusi. Kisha akashuka, akamega tonge, akafumba macho, akasema kwa sauti kubwa kwamba hajapata kula samaki kama huyo tangu azaliwe, na kwamba mwenye hoteli hii ni fundi wa kweli.

Mwenye hoteli alikuwa amesimama kando, shati safi, anacheka. Nyuma ya pazia nilimwona mama mmoja ameinama juu ya sigiri tatu, macho mekundu kwa moshi, jasho linamdondoka. Huyo ndiye aliyempika yule samaki. Video ilikwisha, kijana akala akashiba, akaondoka. Yule mama hakuulizwa hata jina lake.

Ndipo nikaona kwamba jambo hili linafaa kuandikwa katika jarida letu.

KAZI YENYEWE NI IPI

Msomaji ambaye hana simu ya kisasa anaweza kuuliza: vijana hawa hufanya nini? Jibu ni fupi. Huenda hotelini, hupiga video ya chakula, huonja mbele ya simu, hutaja mahali na bei, kisha huitia video hiyo katika TikTok au WhatsApp ili watu waione. Wakipendwa, watazamaji wao huwa wengi kuliko wasomaji wa gazeti. Zamani mwenye hoteli aliyetaka kutangaza alilipa redio. Siku hizi humwita kijana wa simu, humpa sahani na nauli.

Serikali nayo imeupitia mtandao huu kwa kodi. Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bei ya intaneti yenyewe. Facebook ilikuwa imeshafungwa Januari mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo kijana wa Kasese anayetuma video ya samaki amekwisha kulipa kodi kabla hajapata kitu.

CHAKULA CHETU KINASTAHILI SIFA

Sitaki mtu aseme kwamba chama kinapinga sifa. Chakula cha huku kwetu ni kizuri, na ni vyema kijulikane.

Wilaya ya Kasese imekaa mahali pa ajabu. Juu iko milima ya Rwenzori yenye barafu, na kahawa yake kwenye miteremko. Chini yako maziwa mawili, George na Edward, yaliyounganishwa na mfereji wa Kazinga. Samaki wanatoka Katwe, Kayanzi, Katunguru, Hamukungu na Kahendero. Ngege wa ziwa hilo, akikaangwa vizuri au akichemshwa na nyanya na kitunguu, na pembeni ukawekewa obundu, yaani ugali wa muhogo wa Wakonzo, na sombe iliyotwangwa ikaiva, basi hata mgonjwa huinuka.

Chumvi nayo ni yetu. Katika ziwa la chumvi la Katwe watu wamechimba chumvi tangu enzi za babu zetu, wanaume kwa wanawake wanasimama ndani ya maji makali yanayochoma ngozi. Na kwa kuwa tuko mpakani, chungu chetu kimechanganyika: matoke ya Waganda na Watoro, makayabo kutoka Kongo, maharage, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na chapati.

Kuhusu chapati tusisahau rolex, yaani mayai yaliyokaangwa na kukunjwa ndani ya chapati. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo ya mayai yaliyokunjwa. Kilikuwa chakula cha wanafunzi na wafanyakazi wenye mfuko mwepesi. Mwaka 2016 kikafanyiwa sherehe yake Kampala, na wageni kutoka nje wakaanza kukiulizia. Basi chakula cha mnyonge kinaweza kupata jina kubwa. Swali letu ni kama mnyonge mwenyewe naye hupata kitu.

FAIDA IPO, TUSEME KWELI

Bwera imepita katika mambo mazito. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka, na watu wakaogopa hata kupeana mikono. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Korona, na kila aliyekuwa akiwauzia chakula wasafiri akabaki anatazama sufuria tupu. Juni 2023 wauaji waliishambulia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha na kuua watoto wetu, msiba ambao hakuna mtu wa huku atakayeusahau. Baada ya kila pigo, mgeni alikuwa anasitasita kuja.

Kwa hiyo kijana akisimama Bwera na kuwaambia watu wa Kampala na Fort Portal kwamba huku kuna amani na samaki mtamu, anatufanyia jambo la maana. Mama mmoja anayeuza obundu karibu na soko aliniambia kwamba video moja ilimletea wateja asiowajua kwa muda wa mwezi mzima, na ada ya shule ya mtoto wake ikapatikana humo. Lakini mama huyo anapika mwenyewe na kuuza mwenyewe. Faida ya video iliingia katika mfuko wake. Mahali palipo na mwajiri na mwajiriwa mambo huenda kwa njia nyingine.

HESABU YA DARASA LA NNE

Nitatoa mfano wa hoteli moja ya mjini Kasese, ambayo sitaitaja. Mpishi wake alinieleza mambo tukiwa tumeketi kwenye gunia la makaa, saa nne ya usiku, ndipo alipomaliza kazi.

Kabla ya video walikuwa wakiuza samaki kama 30 kwa siku, sahani moja shilingi 15,000. Video ikatoka, watu wakamiminika. Samaki wakafika 70 kwa siku, na bei ikapanda hadi 20,000. Mimi sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, lakini hesabu hii naiweza. Zamani 450,000 kwa siku. Sasa 1,400,000. Nyongeza ni 950,000 kila siku. Tukubali kwamba samaki wananunuliwa, makaa yananunuliwa, mafuta yananunuliwa. Hata hivyo kinachobaki si kidogo.

Mshahara wa mpishi kabla ya video ulikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa siku. Baada ya video ulibaki shilingi 180,000 kwa mwezi. Zamani alifika saa kumi na mbili asubuhi, akaondoka saa moja jioni. Baada ya video akawa anafika saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa nne ya usiku. Mikono ile ile miwili, sigiri zile zile, mwiko ule ule. Hakuongezwa mtu hata mmoja jikoni.

Katika haraka hiyo kijana msaidizi alimwagikiwa mafuta ya moto mkononi. Aliambiwa aende akajitibu, na siku alizolala nyumbani zikakatwa katika mshahara wake. Ndugu zangu, sheria ya fidia ya wafanyakazi inasema wazi kwamba mtu akiumia kazini na kwa sababu ya kazi, mwajiri ndiye mwenye mzigo. Kijana hakuijua sheria hiyo. Wala hakuna video iliyopigwa ya mkono wake.

Tena ipo sheria inayosema kwamba kazi ya kawaida isizidi saa 48 kwa wiki, na kwamba mfanyakazi apate siku nzima ya kupumzika katika wiki. Hiyo ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Yule mpishi saa hizo alikuwa anazimaliza jioni ya siku ya tatu.

Na kuhusu kima cha chini cha mshahara, nchi yetu ina kichekesho kinacholiza. Kima kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Shilingi 6,000 hazinunui hata nusu ya sahani ya samaki inayosifiwa katika simu. Mwajiri akiulizwa juu ya mshahara, anaweza kukujibu kwamba anazidi sheria mara 30, na asiwe amesema uongo.

YALIYOMPATA DADA WA BWERA

Habari ya pili ni ya dada mmoja mhudumu. Alikuwa amefanya kazi katika hoteli moja ya Bwera mwaka mmoja na miezi minane. Siku moja ya soko, mwenzake hakuja, akawa peke yake kwa meza kumi na moja. Kijana wa simu akaingia, akaagiza, akaanza kumpiga video bila kumwambia, anavyotembea kwa uchovu kati ya meza. Juu yake akatia maneno ya kumfananisha na kobe, na muziki wa kuchekesha. Watu wakacheka sana. Jumapili video ikamfikia mwenye hoteli. Jumatatu asubuhi dada akaambiwa kazi hakuna.

Alikuja kwangu analia. Akaniambia, "Mzee, sikulilia kazi tu. Mwanangu anasoma hapa hapa, na wenzake wamekwisha kuiona ile video."

Tulikwenda naye kwa afisa kazi wa wilaya. Mwenye hoteli alikuja na simu yake kama ushahidi, akaionyesha ile video. Afisa akaitazama mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu tu. Je, ulimpa nafasi ya kujieleza, akiwa na mtu wa kumsindikiza? Hapana. Je, ulimpa notisi? Hapana. Siku hiyo walitakiwa kuwa wahudumu wangapi? Wawili. Basi.

Sheria inasema kwamba mtu aliyemaliza mwaka mmoja na hajafika miaka mitano anastahili notisi ya mwezi mmoja. Inasema pia kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa lazima asikilizwe. Dada hakuwa na mkataba wa maandishi, na mwenye hoteli alidhani hiyo ni ngao yake. La. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na kosa la kutomwandikia mfanyakazi masharti ya kazi yake ni la mwajiri, si la mfanyakazi. Dada alilipwa mshahara wa mwezi mmoja na siku alizokuwa akidai. Kazi hakurudishiwa. Nasema hivyo ili msidhani kwamba chama kina miujiza. Tulipata nusu ya haki, na nusu hiyo tuliipata kwa sababu alikuja mapema. Anayefukuzwa bila haki ana miezi mitatu tu ya kupeleka malalamiko yake. Ukikaa nyumbani kulia kwa miezi minne, hata nusu hiyo huipati.

NILIMTAFUTA KIJANA WA SIMU

Nilikuwa na hasira, nikamtafuta yule kijana. Nilidhani nitamkuta mtu wa majivuno. Nikamkuta anakaa chumba kimoja na ndugu zake wawili, simu ina ufa katikati, anaichaji kwa jirani.

Akaniambia, "Mzee, usikasirike. Sikujua kwamba atafukuzwa. Nilitaka watu wacheke tu."

Tulizungumza muda mrefu. Alimaliza sekondari, akatafuta kazi, hakuipata. Kwa video moja hupewa sahani ya chakula na shilingi 20,000, siku njema zaidi 50,000. Siku nyingine hupewa sahani peke yake. Bando la intaneti ananunua mwenyewe. Nauli ya boda boda anajilipia. Kampuni ya TikTok ilipoanza mwaka 2020 kuwalipa watengenezaji wa video, ilianza na Marekani, kisha nchi chache za Ulaya. Mtoto wa Bwera hakuhesabiwa. Kampuni inapata matangazo, mwenye hoteli anapata wateja, kijana anapata ngege.

Nilimwambia, "Wewe mwanangu ni kibarua kama yule dada. Tofauti ni kwamba yeye anajua mwajiri wake ni nani."

Alinyamaza. Kisha akaifuta ile video mbele yangu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuinakili na kuipeleka mbele. Maji yakimwagika hayazoleki.

WENZETU WA MAHALI PENGINE

Jambo hili si letu peke yetu. Nyuma ya kila video kuna wafanyakazi wasioonekana. Mjini Nairobi wako vijana ambao kazi yao ilikuwa kutazama video na picha mbaya kabisa, za mauaji na ukatili, ili ziondolewe kabla wewe na mimi hatujaziona. Waliajiriwa na kampuni za katikati kwa ajili ya kampuni kubwa kama zile za Facebook na TikTok. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Kama watu wa kazi mpya kama hiyo wameweza kuungana, mpishi wa Kasese atashindwa na nini?

Na huko Marekani yuko Keith Lee, aliyekuwa mpiganaji wa ulingoni, ambaye sasa anajulikana sana kwa kuonja chakula mbele ya simu. Yeye hununua chakula chake kwa fedha yake mwenyewe, na hupenda kwenda kwenye hoteli ndogo za familia zisizo na wateja. Tena sheria za nchi hiyo zinataka mtu aliyelipwa ili asifu kitu aseme wazi kwamba amelipwa. Hilo ni jambo la kuiga. Mla bure akisifu, nani atajua kama ulimi wake unasema kweli au tumbo linalipa deni?

TUFANYE NINI

Hatusemi simu zipigwe marufuku. Tunasema haya:

1. Mfanyakazi asipigwe video bila kuulizwa. Katiba yetu ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Habari za Mtu ya mwaka 2019 inataka idhini yake. Ukiwa mhudumu una haki ya kusema, "Piga sahani, usinipige mimi."

2. Video isiwe hukumu. Mwajiri akiona kosa katika simu, amwite mfanyakazi, amsikilize, aulize pia jikoni walikuwa watu wangapi siku hiyo.

3. Wateja wakiongezeka, mikono iongezwe. Na saa zikizidi, zilipwe. Wafanyakazi wa kila hoteli waandike katika daftari saa ya kuingia na saa ya kutoka, kila siku. Daftari la shilingi chache limewahi kushinda wakili.

4. Sahani anayopewa kijana wa simu iwe gharama ya mwenye hoteli. Nimesikia mahali ambapo hukatwa kwa mhudumu kama chakula kilichopotea. Mshahara haukatwi ovyo, na mkikatwa hivyo mje tuzungumze.

5. Vijana wa simu nao wajipange. Wakubaliane bei ya kazi yao, waache kushindana kwa kula bure. Mlango wa chama uko wazi kwao. Katiba, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, na haisemi lazima awe ameshika mwiko au nyundo.

6. Msifu sahani amtaje mpishi, kama mpishi mwenyewe anakubali. Sifa haigharimu kitu, na mpishi anayejulikana kwa jina ana nguvu ya kudai mshahara, au ya kuhama.

MWISHO

Wazee waliochimba shaba Kilembe wanakumbuka jinsi reli ilivyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo. Mmoja wao aliniambia hivi: "Shaba ilipanda treni ikaenda Jinja, ikaenda Mombasa, ikaenda duniani. Sisi tulibaki na kikohozi." Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi wao hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kushuka shimoni.

Sasa ni samaki wetu anayesafiri duniani, ndani ya simu. Tusikubali mambo yawe yale yale.

Miezi michache baadaye nilipita tena Bwera, katika ile hoteli ya kwanza. Yule mama alikuwa bado nyuma ya pazia, na sigiri bado tatu. Lakini msichana wa kumsaidia alikuwa ameajiriwa, na ukutani dirisha dogo lilikuwa limetobolewa moshi utoke. Wafanyakazi wanne wa hoteli hiyo walikuwa wamejiunga na chama, wakaenda kwa mwenye hoteli pamoja, si mmoja mmoja. Mshahara bado tunauzungumzia.

Kijana wa simu naye alikuwapo. Safari hii alilipa sahani yake. Kisha akasimama mlangoni mwa jiko, akauliza, "Mama, naweza kuingia na simu?"

Mama akajifuta mikono, akafikiri kidogo, akajibu, "Ingia. Lakini kwanza nisaidie kuteremsha hii sufuria."

Umoja ni nguvu.